Muhuri Uliovunjwa Kaburini

Jina lililonakshiwa juu ya bunduki ni la muuzaji. Ukweli wa bunduki umelala tumboni mwake. Kwa kanuni hiyo Horace Dugmore aliishi na kuheshimiwa katika mtaa mzima wa mafundi bunduki wa Birmingham. Mtu akimletea bunduki ya kale ya kuwindia ndege, yenye mitutu miwili na jina la duka la fahari la London kwa maandishi ya dhahabu, Horace hakulijali jina hilo. Aling'oa kipande cha mti cha mbele, akaitenga mitutu na kitako, kisha akaipindua kama mnunuzi mzoefu afunuavyo mashavu ya samaki. Huko chini, mahali ambapo jicho la mwindaji halifiki kamwe, zilijipanga alama ndogo za mihuri: ya tanuri lililoyeyusha chuma, ya fundi aliyeuchonga mtutu, na ya Nyumba ya Majaribio, ambako kila mtutu hupigwa kwanza kwa baruti ya kupita kiasi, ili kama ni wa kupasuka upasukie huko, si usoni mwa mtu. Horace akishazisoma hutamka hukumu: "London haikuijua bunduki hii mpaka iliposhushwa kwenye treni. Imezaliwa hapa hapa, nyuma ya kanisa, na baba yake ni fulani." Wala hapakuwa na mtu aliyebisha.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Machi, katika miaka ile ambayo halmashauri ya jiji ilikuwa imeanza kubomoa karakana za zamani ili kupitisha barabara pana. Mkulima mmoja wa Shropshire alikuwa ameiacha bunduki ya marehemu mjomba wake, akitaka kujua imetengenezwa na nani. Horace aliipindua mitutu dirishani, akaifuta mafuta yaliyoganda, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Katikati ya mitutu, herufi E na D zilikuwa zimelikumbatia tunda dogo la mwaloni.

"Cyril!" akaita. "Njoo umwamkie mzee wangu."

Cyril Pardoe, mnakshi aliyeshirikiana naye karakana hiyo, aliacha patasi yake akaja akijifuta mikono. Aliinamia mitutu, akavua kofia. "Habari za siku nyingi, mzee Enoch. Mwanao amenenepa, lakini bado hajui kuchemsha chai."

Horace alicheka. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu mistari myembamba ya tupa ya kusugulia chuma, iliyobaki chini ya mitutu, mahali ambapo hakuna anayejisumbua kupang'arisha. Mafundi wote wa mtaa ule, wakipiga tupa, mistari yao hulala upande mmoja. Mistari ya Enoch Dugmore ililala kinyume, kama nywele zilizochanwa na mtu wa mkono wa kushoto. Horace alikuwa mtoto mdogo baba yake alipofariki, na kumbukumbu zake za uso wa mzee zilikuwa chache. Lakini mkono huu aliujua. Alikuwa amewafundisha watu wa minada na wa makumbusho kuutambua. "Msiutazame muhuri peke yake," aliwaambia siku zote. "Muhuri ni mdomo, nao unaweza kusema uongo. Tazameni mkono."

Akashusha kioo cha kukuzia hadi kwenye alama ya tanuri. Akakifuta kioo, akatazama tena.

"Vipi?" Cyril akauliza. "Mzee amekutukana?"

"Nyota iliyokatwa," Horace akasema, na sauti yake haikuwa yake. "Hiki ni chuma cha lile tanuri la Sheffield la nyota iliyokatwa. Liliwashwa mwaka wa ishirini na mbili."

"Na mzee wako?"

"Tulimzika mwaka wa kumi na tisa."

Cyril akaacha utani. "Labda mitutu yake ilikaa stoo, ikapelekwa kwenye majaribio baadaye," akasema taratibu. "Hayo hutokea."

"Mitutu hukaa stoo. Chuma ambacho hakijayeyushwa kinakaaje stoo?"

"Basi kuna mtu aliuiba muhuri."

"Muhuri ulivunjwa! Nilikuwapo, nikaona kwa macho yangu."

"Haya, uliigizwa." Cyril akaitazama tena ile mistari ya tupa, na uso wake ukabadilika rangi. "Muhuri huigizwa, Horace. Huu mkono nao umeigizwa na nani?"

Horace aliketi kitini kama mtu aliyekatwa miguu. Mkono ulikuwa ule ule. Angeweza kuapa mahakamani. Mwanamume aliyelala chini ya udongo wa makaburi ya Witton alikuwa ameinuka akapiga tupa.

Katika Udugu wa Mitutu, chama cha wachonga mitutu wa mtaa ule, kulikuwa na desturi iliyoshikwa kwa nguvu kuliko sheria ya serikali. Siku fundi anapozikwa, fuawe, chuma kizito cha kufulia, huletwa hadi ukingoni mwa kaburi, na rafiki yake wa kazi huuvunja muhuri wake kwa nyundo mbele ya watu wote. Kipande kimoja hushuka na jeneza. Cha pili hupewa mtoto wa kwanza wa kiume. Tangu hapo jina la marehemu haliwezi kupigwa juu ya chuma kingine. Kazi yake imefungwa, nayo itahukumiwa kama ilivyo. Anayeutumia muhuri wa marehemu huitwa mfukua makaburi, na hakuna tusi lililo zito kuliko hilo.

Horace aliingiza vidole katika mfuko wa kizibao chake, akatoa kipande cha muhuri wa baba yake. Alikuwa amekibeba tangu siku ile ya mvua ya maziko, akiwa mtoto aliyevishwa koti la kuazima. Alikibeba siku ya harusi yake. Alikibeba katika mahandaki ya kujificha mabomu. Uso wake ulikuwa umepondwa na nyundo, umejaa kutu, naye hakuwahi kuusafisha, kwa maana aliona kuusafisha ni kama kumfuta marehemu machozi yake. Sasa alikitia katika mafuta, akakisugua kwa brashi ya waya, kisha akakigandamiza juu ya kibati laini cha madini ya risasi.

Hapakutokea herufi. Hapakutokea hata jani la mwaloni. Palitokea mkia wa namba saba.

Kilikuwa kipande cha muhuri wa namba, ile inayouzwa madukani kwa seti, ambayo kila karakana inayo na hakuna anayeililia ikipotea. Horace alikitazama kibati kile mpaka macho yakamwuma. Maisha yake yote alikuwa amebeba mfukoni, karibu na moyo, namba ya dukani.

"Nani alishika nyundo siku ile?" Cyril akanong'ona.

"Reuben Tonks," akajibu Horace.

Mzee Reuben Tonks alikuwa rafiki mkubwa wa Enoch. Alikuwa amestaafu zamani, akiishi Aston na njiwa wake wa mashindano. Horace alimkuta uani, akiwamwagia mahindi.

"Mzee Reuben, ulivunja nini juu ya kaburi la baba yangu?"

"Na wewe pia habari za mchana, Horace. Hawa njiwa wana adabu kukupita."

Horace hakutabasamu. Alimwekea kile kipande kiganjani. Mzee alikisogeza karibu na macho, akakigeuza, akaliachia kopo la mahindi, punje zikamwagika.

"Umekisafisha lini?"

"Leo."

"Leo!" Reuben akapumua kwa nguvu. "Msomaji mkuu wa mihuri katika Uingereza nzima, muhuri uko mfukoni mwake, naye hajautazama mpaka leo."

"Nilikuwa nauheshimu."

"Ndiyo. Heshima ni kitambaa kizuri cha meza, mwanangu. Lakini ukikitandika hadi sakafuni, huwezi kujua meza ina miguu mingapi."

"Usinichezee maneno, mzee. Kuna mitutu yenye jina la baba yangu iliyochongwa baada ya kufa kwake. Wewe ndiwe uliyekabidhiwa muhuri. Uliuficha. Umemfukua rafiki yako kaburini."

Mzee alisimama wima, naye kwa miaka mingi hakuwa amesimama wima. Damu ilimpanda usoni, kisha ikashuka yote. "Neno hilo," akasema, "utalirudisha siku moja, na litakuwa zito kulibeba."

"Basi niambie nani aliutumia!"

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Ukitaja uliyemwapia, umekwisha kuvunja nusu ya kiapo." Aliinama akaokota punje zilizomwagika. Halafu, akiwa bado ameinama, akasema kama mtu anayezungumza na njiwa: "Baba yako alinizaba kofi siku moja, tulipokuwa vijana, tukigombania mchezo wa kubingirisha mipira. Sikio hili la kushoto linavuma mpaka leo. Sikio la kushoto, Horace. Sasa nenda, unanitishia ndege."

Horace aliondoka kwa hasira. Maneno ya sikio aliyaona ni ya mzee aliyebanwa, anayebabaika. Akaenda moja kwa moja kwa Septimus Wooldridge, mwenyekiti wa Udugu, akaweka mezani mitutu, kibati na kile kipande.

Septimus alivigeuza vyote kimoja kimoja. Alikuwa mtu mzito, mwenye nyusi kama mapazia. Mwishowe akauliza, "Unajua unachokitaka?"

"Nataka haki ya baba yangu."

"Mfukua makaburi huvunjiwa muhuri wake angali hai. Na jina lake halisomwi katika ibada ya mwaka, sisi tunapowasoma waliolala. Reuben hana mke wala mtoto, Horace. Kusomwa kwa jina hilo ndiko watoto wake."

"Angelifikiri hilo mapema."

Wakaita kikao, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Habari zilienea mtaani kama moshi. Watu waliokuwa wakimnunulia Reuben bia walianza kuvuka barabara wanapomwona. Horace hakulala vizuri, lakini aliamini kwamba haki haina kawaida ya kumlaza mtu vizuri.

Siku ya Ijumaa alikwenda Summer Lane kwa mama yake. Hakutaka asikie kwa wapita njia. Bibi Keziah Dugmore alikuwa amepita miaka themanini, mdogo wa mwili, mkavu kama kuni za mwaka jana, akiishi katika nyumba ya vyumba viwili alikokuwa tangu alipoolewa. Watu walimjua kwa kazi moja: kuipaka mitutu dawa ya kuitia rangi ya kahawia, kazi iliyoruhusiwa wanawake. Alimkaribisha mwanawe, akasogeza birika juu ya moto wa makaa, akasema, "Keti, umekonda uso. Nikukatie mkate na mafuta ya nyama."

Horace alisimama mbele ya picha iliyotundikwa juu ya moto, akitafuta maneno ya kuanzia. Aliijua picha ile tangu utotoni kiasi kwamba alikuwa ameacha kuiona. Baba yake, kijana mwenye masharubu, alikuwa kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya baa, siku aliposhinda mchezo wa kubingirisha mipira. Alikuwa ameinama, mpira mkononi, tayari kuubingirisha.

Mpira ulikuwa katika mkono wa kulia.

Kofi la mkono wa kulia humfikia mtu sikio la kushoto. Kumbe Enoch hakuwa mtu wa mkono wa kushoto. Akageuka. Mama yake, akidhani mwanawe bado anatazama picha, alikuwa ameukumbatia mkate kifuani kama walivyo wanawake wa zamani, akiukata kwa kisu kuelekea mwilini. Kisu kilikuwa katika mkono wa kushoto. Kilikwenda kwa mwendo mmoja, mrefu, uliotulia, na uso wa mkate uliokatwa ulikuwa na mistari iliyolala kinyume, kama nywele zilizochanwa upande usiozoeleka.

"Mama," akasema.

Bibi Keziah aliinua macho, akaona anakotazama. Papo hapo akakihamishia kisu katika mkono wa kulia, kama mtoto aliyefumaniwa na mwalimu. Shuleni walikuwa wamemchapa mkono ule kwa rula mpaka akajifunza kuuficha mbele za watu. Hata mwanawe hakuwahi kuuona ukifanya kazi.

"Mama, rudisha kisu mkono ule."

"Kwa nini?"

"Rudisha."

Wakatazamana. Birika lilianza kulia, wala hakuna aliyelitoa.

"Kwa hiyo umeuona," mama akasema mwishowe, akaweka kisu mezani. "Nilidhani utauona ukiwa kijana. Halafu nikasikia unawafundisha watu wa makumbusho mkono wa Enoch, mkono wa Enoch. Nikasema, Bwana Mungu, huyu mtoto anausoma vizuri kiasi hiki na bado hajui anasoma nini."

Horace alishika ukingo wa meza. "Ile ya baada ya kifo chake ni yako."

"Ndiyo, yangu."

"Na ya kabla?"

Mama alilitoa birika motoni kwanza, na Horace akaona maisha yake yote yakipinduka tumbo juu, kama mitutu mezani.

"Yote?" akauliza kwa sauti ya mtoto.

"Kipande cha chuma kilimwingia baba yako jichoni mwaka uleule tuliooana. Jicho la pili nalo likafifia, kama kwa kulihurumia la kwanza. Aliona mlango, aliona mtu amesimama. Kivuli ndani ya mtutu hakukiona tena. Nawe unajua, mchonga mitutu asiyekisoma kivuli hajui mtutu umenyooka au umepinda. Huyo ni mtu wa kufagia karakana. Mimi nilikua katika karakana ya baba yangu. Nilikisoma kivuli kabla sijasoma Zaburi."

"Nakumbuka tulikatazwa kuingia karakana ya uani. Nakumbuka ulikuwa unampelekea chai."

"Chai iliyochukua mchana kutwa, Horace. Hukujiuliza hata siku moja?" Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini usimdharau. Alinizungushia gurudumu la kusagia chuma. Alinikumbusha vipimo, maana vyote alikuwa navyo kichwani. Na muhuri aliupiga yeye, kila mtutu. Kupiga muhuri hakuhitaji macho. Alipapasa mahali, akaweka, akapiga pigo moja. Nani angenunua mtutu uliochongwa na mwanamke? Udugu wenyewe ungetufungia mlango."

"Na kaburini?"

"Reuben alikuja kuuchukua muhuri aende akauvunje. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua. Nikamwambia, Reuben, ukiuvunja huu, wanangu watakula nini? Akasimama pale uliposimama wewe, akainamisha kichwa. Kisha akatoa mfukoni muhuri wa namba. Nikamwapisha kwamba hatasema. Ndiye aliyeipeleka mitutu yangu kwa wenye maduka, akiiita masazo ya Enoch. Wewe ulikuwa umekwisha kupelekwa kwa mjomba wako Walsall, nami nikikutumia fedha hizo za chakula." Akamtazama mwanawe kwa makini zaidi. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Nani kakuambia uje kuniuliza haya leo?"

Horace akamweleza. Alipofika kwenye neno alilomwambia Reuben, alilisema kwa kunong'ona.

Mama yake alisimama. Hakupiga kelele. "Reuben?" akasema. "Umemwita Reuben mfukua makaburi? Mtu aliyekulisha?"

"Sikujua, Mama."

"Kikao ni lini?"

"Kesho, baada ya chakula cha mchana. Mama, sikiliza. Nitayaondoa mashtaka. Si lazima wajue. Jina la baba..."

"Jina la baba yako nimelibeba mgongoni tangu nikiwa msichana," akasema Bibi Keziah. "Nilimwahidi akiwa kitandani kwamba nitalibeba hadi mwisho. Sikumwahidi kwamba nikichoka nitalitua juu ya Reuben. Nipe kofia yangu ile nyeusi niipige brashi."

Chumba cha Udugu kilikuwa ghorofani, juu ya baa. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikanyaga isipokuwa wafagiaji. Bibi Keziah akabaki nje mlangoni, na Horace akaingia peke yake. Wazee walikuwa wameketi kuzunguka fuawe. Cyril alikuwa ameketi pembeni na ile mitutu ya Shropshire magotini. Reuben Tonks, amevaa suti yake ya kanisani, alikuwa amekwisha kuutoa muhuri wake mwenyewe uliofungwa katika leso, akauweka juu ya fuawe bila kuambiwa. Horace alipouona, alitamani sakafu impokee.

"Reuben Tonks," akasema Septimus, nyundo ikiwa mbele yake. "Uliuvunja muhuri wa Enoch Dugmore siku ya maziko yake, ndiyo au siyo?"

"Siyo."

Chumba kilinguruma. Mzee mmoja aligonga sakafu kwa fimbo, akasema, "Aibu!"

"Una la kujitetea?"

"Sina."

"Mwenyekiti," Horace akasema, akisimama. "Nayaondoa mashtaka."

"Mashtaka si kifuniko cha sufuria, Horace, ukiweka na kufunua upendavyo. Umemwita mtu mfukua makaburi katika mtaa mzima. Ama ni kweli, ama ni uongo. Lipi?"

Kabla hajajibu mlango ulifunguka. Bibi Keziah aliingia, kofia nyeusi kichwani, kopo la vifungo mkononi. Wanaume walisimama kwa mazoea ya adabu, kisha wakakumbuka walipo, wakawa hawajui kama waketi au wabaki wamesimama. Alipita katikati yao, akalifungua kopo, akachakura miongoni mwa vifungo, akatoa kijichuma chenye herufi mbili na tunda la mwaloni. Akakiweka juu ya fuawe, kando ya muhuri wa Reuben.

"Keziah," akasema Reuben. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana usiseme. Hukusema. Sasa kaa kimya kama ulivyozoea." Akawageukia wengine. "Nani ana tupa?"

Katika chumba kile kila mfuko ulikuwa na tupa. Alipewa moja, na kipande cha chuma kikabanwa kwenye jiliwa la ukutani. Bibi Keziah alivua glovu ya kulia kwa desturi. Kisha akasita, akaivaa tena, akaivua ya kushoto. Akashika tupa. Mwili ule mkavu ulijikusanya nyuma ya mkono, na tupa ikaimba kwa sauti ndefu isiyokatika, ambayo wazee waliosomea kazi hiyo waliitambua kabla hawajaona chochote. Mmoja wao alifumba macho. Alipomaliza, Cyril akaleta mitutu ya Shropshire, akaiweka kando ya kile chuma dirishani. Wakasongamana kutazama. Mistari ilikuwa ya mkono mmoja.

Wengine waliokuwa na mitutu ya Dugmore nyumbani, waliyoirithi na kujivunia, waliutazama mkono ule wenye mishipa kama watu walioona mti ukitembea.

"Yote?" akauliza Septimus, kama Horace alivyouliza.

"Enoch alipiga muhuri. Mimi nilichonga."

Septimus aliketi. Baada ya muda akaishika nyundo, akaiinua polepole, kama mtu asiyependa analolifanya lakini hajui lingine. "Hata hivyo kanuni ni kanuni, mama. Muhuri huu ulipaswa kuvunjwa. Lazima uvunjwe leo."

"Kanuni yenu inasemaje? Niisikie kwa kinywa chako."

"Muhuri wa fundi huvunjwa siku fundi anapozikwa."

"Basi nizikeni kwanza," akasema Bibi Keziah.

Nyundo ilibaki hewani. Kisha sauti moja ilianza kucheka, sauti kavu ya mzee, na alikuwa Reuben, machozi yakimshuka ndani ya kola ya suti. Septimus aliutazama muhuri, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake akiwa hai kabisa, akaitua nyundo sakafuni. Aliuchukua muhuri wa Reuben, akaufunga tena katika leso, akamrudishia kwa mikono miwili. Halafu akauchukua ule wa tunda la mwaloni, akasimama, na kumpa mwenyewe.

Horace alimwendea Reuben. "Mzee, neno lile nalirudisha."

"Ni zito?"

"Ni zito sana."

"Nilikwambia." Reuben akajifuta uso. "Kesho njoo usafishe banda la njiwa. Litapungua kidogo."

Walipokuwa wakishuka ngazi, Bibi Keziah alimshika mwanawe mkono, kwa mkono wake wa kushoto, waziwazi, mbele ya watu wote waliokuwa wakiwasindikiza kwa macho.

"Siku yangu ikifika," akamwambia, "utauvunja wewe, mwanangu. Na safari hii utazame unachokivunja."